Ala itembee, kisu kitulie

Plagi ya waya wa pesimeka, kifaa kinachousisimua moyo kwa umeme, ina kipenyo cha milimita 3.2. Kiwango cha kimataifa cha IS-1 kiliweka hivyo, na IS-4 kilichokuja baadaye hakikubadilisha kipimo hicho. Ala, yaani mrija unaoupeleka waya hadi kwenye ukuta wa kati wa moyo, ina tundu la milimita 1.8. Waya ukishafika, ncha ikazama kwenye nyama ya moyo na vipimo vikakubali, ala lazima itoke na waya ubaki. Kuivua kwa kuipitisha juu ya plagi haiwezekani: 1.8 haimezi 3.2. Basi inachanwa kwa urefu, kuanzia kichwani hadi nchani, zaidi ya sentimita 40, huku waya ukiwa bado umo ndani yake. Waya huo ukikwaruzwa au ukisogea, kazi ya asubuhi nzima inaanza upya.

Chombo cha kuchania ni kidogo, kinaenea kiganjani: mpini wa plastiki, mfereji wa kulaza waya, ulimi mwembamba wa chuma unaoingia ndani ya ala, na wembe uliokaa juu ya ulimi huo. Tukiite kipasulio. Majina yana uzito hapa kuliko inavyodhaniwa. Lubumbashi, mji wa Kongo (DRC) ambako udaktari unafundishwa kwa Kifaransa, neno sonde linabeba kila kitu: sonde ya mkojo, sonde ya puani, hata waya wa pesimeka ni sonde. Mtu akisema mezani "kata sonde", msaidizi mgeni anaweza kuelewa kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Kiswahili kinatupa neno zuri zaidi, ala, nyumba ya kisu. Safari hii kisu ndicho kinachoila nyumba.

Kwa nini jambo hili limekuwa kubwa? Mwaka 1994 Serge Cazeau na wenzake huko Ufaransa walieleza namna ya kuusisimua moyo dhaifu pande zote mbili kwa pamoja, na mwaka 1998 kundi la daktari Daubert likaonyesha kwamba waya wa upande wa kushoto unaweza kupitia mishipa ya vena ya moyo bila kufungua kifua. Mwaka 2017 Weijian Huang na wenzake wa China wakaleta njia ya kuusokotea waya ndani ya ukuta wa kati hadi kwenye tawi la kushoto la umeme wa moyo. Njia zote mbili hupitia ala, na mara nyingi ala hiyo hutolewa kwa kuchanwa.

Sasa mwanafunzi wa uhandisi wa Polytechnique ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au fundi wa vifaa vya hospitali akipewa kazi ya kubuni kipasulio, jambo la kwanza analouliza ni wembe: chuma gani, makali kiasi gani. Ni swali halali, lakini ndilo rahisi kuliko yote. Wembe wa dukani unachana ala bila jasho. Kinachoharibu kazi ni vitu viwili ambavyo mchoro wa kwanza huwa hauna: nafasi ya kupitisha ulimi, na mkono unaotakiwa kutosogea.

Tuanze na nafasi. Vipimo vya ala na sonde huandikwa kwa Fr (French) au, kwenye maboksi mengi ya duka la dawa mjini, kwa CH, kifupi cha Charrière, mtengenezaji wa vifaa vya upasuaji wa Paris wa karne ya 19. Gawa kwa tatu upate milimita: sonde ya mkojo ya CH 16 ina kipenyo cha nje cha milimita 5.3. Ala tunayoizungumzia ni Fr 7 kwa nje na Fr 5.4 kwa ndani. Waya wake ni Fr 4.1, yaani milimita 1.37. Toa 1.37 kwenye 1.8, unabaki na milimita 0.43. Hiyo ndiyo nafasi yote iliyopo, na si duara, ni mwezi mchanga: waya ukilala upande mmoja wa tundu, upande wa pili unabaki uwazi wenye umbo la hilali, mnene katikati na mwembamba pembeni. Ulimi lazima uingie humo.

Kwa hiyo ulimi wa milimita 0.5 umeshafeli kabla ya kutengenezwa. Wa 0.4 unaingia kwenye karatasi, ila damu ikiganda kidogo au ala ikibonyea kidogo, unakwama. Sisi tungeanza na 0.3, tena si bapa: upinde kidogo kama ganda la bamia, tumbo lake likiukumbatia waya na mgongo wake ukifuata ukuta wa ala. Plastiki ya unene huo hupinda chini ya kidole gumba, hivyo lazima iwe chuma, kingo zake zimeviringwa na kung'arishwa, maana ulimi wenyewe ukiwa na ukingo mkali unaweza kuchubua ganda la waya hata kama wembe haujaugusa.

Chuma hicho si cha kuagiza mbali. Mafundi wa magari wa Kamalondo na Katuba wana seti ya vipande vyembamba wanavyochomeka kupima nafasi ya vali za injini. Kila kipande kimeandikwa unene wake, na kimoja kimeandikwa 0.30. Ni chuma cha springi, kigumu, kinyoofu, kipimo chake ni cha kuaminika. Kwa sampuli ya kwanza kinatosha kabisa. Kinasuguliwa kwa jiwe la kunoa, polepole, huku kikichovywa majini. Ukiona kimegeuka rangi ya buluu ujue ugumu umeondoka, tupa, chukua kingine.

Juu ya ulimi kuna koo la chombo, yaani upenyo ambamo ukuta wa ala unapita kuelekea kwenye makali. Ukuta wa ala ya Fr 7 kwa 5.4 una milimita 0.27. Ala kubwa ya kupitia vena za moyo, Fr 9 kwa 7, ina ukuta wa 0.33. Koo la 0.45 linazihudumia zote mbili. Likiwa 0.3 linaikataa ala kubwa, likiwa 0.8 ukuta unapata nafasi ya kujikunja kabla ya kufika kwenye makali, na kilichojikunja hakikatwi, kinararuliwa. Mraruo una tabia mbaya: unaenda unakotaka wenyewe.

Makali yalale kwa nyuzi kama 30 dhidi ya mhimili wa ala, ili ukuta upande juu yake taratibu badala ya kuyagonga kama ukuta wa nyumba. Na hapa kuna kosa ambalo hurudiwa: wembe unawekwa uuguse tu ulimi kwa juu. Bila mzigo panaonekana pamezibika. Mzigo ukija, ulimi unashuka kidogo, ufa wa unywele unafunguka, na ndani ya ufa huo unaingia uzi wa chuma wa ala, au, Mungu apishe mbali, ganda la waya. Mzizi wa makali lazima uzame ndani ya ulimi, kwenye mfereji wa kina cha nusu ya unene wake. Viwandani unashikizwa humo moja kwa moja. Kwenye sampuli, risasi ya kulehemu vifaa vya umeme inatosha.

Wembe wa kunyolea wenye makali mawili haufai ingawa ni mkali kuliko yote: una unene wa milimita 0.1, unayumba pembeni, na mkato unayumba nao. Wembe wa kisu cha kukatia karatasi, kile cha kuvunjavunja, una karibu 0.4 na hukaa wima.

Uzi wa chuma umetajwa, na hapa inafaa kuikata ala kwa mawazo tuione ndani. Kwa kawaida ina matabaka matatu. La ndani ni plastiki ya PTFE, teleza kama sufuria isiyoshika chakula. La kati ni mfumo wa nyuzi za chuma cha pua zilizosukwa kama kikapu, zinazoifanya ala itii unapoizungusha. La nje ni plastiki ambayo ni ngumu karibu na kichwa na inalainika kadiri unavyoelekea nchani, hadi ncha yenyewe ambayo ni laini ili isitoboe. Kuna ala nyingine za kubanduliwa kwa mikono miwili, zenye mistari dhaifu iliyotayarishwa kiwandani. Hizo hazihitaji kipasulio, lakini kwa kawaida hazina kikapu cha chuma na haziongozeki vizuri.

Matokeo yake ni kwamba kisu kinapita kwenye nchi nne tofauti kwa safari moja. Kwanza kichwa, chenye vali ya kuzuia damu na plastiki nene: nguvu inapanda ghafla. Halafu shingo ya kichwa, ambapo nguvu inashuka ghafla. Halafu mwili mrefu wenye nyuzi, nguvu ya wastani na mkwaruzo unaosikika kidoleni. Mwishoni ncha laini isiyo na nyuzi, na nguvu inakaribia kutoweka. Mvutaji aliyejiandaa kwa upinzani wa mwili anafika kwenye ncha akiwa bado anavuta kwa nguvu ileile, mkono unaruka nyuma, na waya unaruka nao. Kwenye orodha ya masharti ya chombo, ulaini wa mabadiliko ya nguvu tungeuweka juu ya wepesi wa kukata. Kipasulio kinachohitaji nguvu zaidi kidogo lakini ileile mwanzo hadi mwisho ni bora kuliko kinachoteleza kama siagi halafu kinashtuka mara mbili njiani.

Sasa mkono. Tumezoea kwamba aliyeshika mpini ndiye anayekata. Hapa aliyeshika mpini kazi yake yote ni kutulia. Waya umelazwa kwenye mfereji na kidole gumba kinaubana; tangu hapo kipasulio na waya ni kitu kimoja. Mkono huo ukisogea milimita tano kwenda mbele, waya umesukumwa milimita tano kuelekea moyoni. Ukirudi nyuma, umevutwa. Mkono wa pili ndio unaovuta kichwa cha ala kuelekea kwenye makali. Ala inatembea, kisu kinangoja.

Utaratibu mezani ni huu. Vipimo vya umeme vya waya vinachukuliwa na kuandikwa kwanza. Kwa waya wa vena za moyo, msukumo wa volti 10 unajaribiwa pia ili kuona kama kiwambo cha pumzi kinarukaruka kama mwenye kwikwi. Waya unaachiwa ulegevu unaostahili ndani ya moyo. Sehemu ya waya iliyo nje inafutwa kwa shashi yenye maji ya chumvi, kisha kwa shashi kavu. Damu ni kilainishi, na ganda la poliurethani huteleza zaidi ya silikoni. Waya unalazwa mferejini bila ulegevu wowote kati ya kipasulio na kichwa cha ala. Kiganja cha mkono unaotulia kinaegemezwa juu ya kifua cha mgonjwa, si hewani. Mgonjwa anaambiwa ashike pumzi, kwa sababu kichwa kikishapasuka vali haipo tena, na kilichobaki ni bomba wazi kwenye vena ambayo pumzi ndefu inaweza kunyonya hewa kupitia humo. Kisha mvuto mmoja, mnyoofu, usiokatika, macho yakiwa kwenye eksirei, si kwenye wembe. Ncha inapokaribia kutoka, msaidizi anaubana waya pale unapoingia kwenye vena. Vipimo vinarudiwa.

Mvuto ukikatika katikati, wembe unakaa kwenye nyuzi, na kuuanzisha tena kunataka nguvu kubwa kuliko kuendelea. Hapo ndipo mtikisiko unapozaliwa. Ala ikiinuliwa kuelekea taa badala ya kuvutwa kwa mstari, ulimi unabonyea upande wa waya. Sehemu iliyopindwa kiwandani inapotoka kwenye vena inataka kurudia umbo lake na kujigeuza. Anayeikamata kichwa kwa ngumi anaupeleka mzunguko huo wote kwenye makali, na mkato unakuwa kama ngazi ya kuzunguka. Mbunifu anaweza kusaidia hapa: mfereji wa waya uwe kwenye urefu uleule wa mhimili wa tundu la ala. Ukiwa juu au chini kwa milimita mbili tu, waya unapinda mdomoni mwa ala na kujilaza juu ya ulimi, na zile 0.43 zinageuka kuwa sifuri.

Kuna njia mbili za mkato zinazotajwa kila mahali penye uhaba, na zote mbili hazifai. Ya kwanza ni bisturi, kisu cha upasuaji. Wembe namba 11 unachana ala vizuri, tatizo lake ni kwamba hauna ulimi: kati ya ncha yake na ganda la waya hakuna kitu isipokuwa hisia ya daktari, kwa sentimita 40 mfululizo. Ya pili ni kuosha kipasulio cha jana. Makali yaliyopita kwenye kikapu cha chuma cha pua mara moja yameshapata mapengo, na koo la nusu milimita haliingii brashi yoyote. Damu iliyokauka mle, otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke) itaiua bila kuiondoa.

Otoklevu yenyewe inawaumbua wapenzi wa printa za 3D. Mpini wa plastiki ya PLA unalainika kwenye nyuzi 60 hivi, na otoklevu inafanya kazi kwa 121 au 134. Unaingiza kipasulio, unatoa kitu kama ndizi iliyoiva. ABS inaanza kulegea karibu na 105. Polikaboneti inavumilia, kwa mizunguko michache. Viwanda vinavyotengeneza vya kutumia mara moja hutumia gesi ya oksidi ya ethilini, ambayo haichomi plastiki lakini inataka mtambo wake na muda wa kuacha gesi itoke. (Na umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, ukikatika katikati ya mzunguko, mzunguko huo haupo, unaanza upya.) Kabla ya mgonjwa yeyote kuna pia ISO 14971 ya hatari, ISO 10993 ya mwili kukubali malighafi, na ruhusa ya mamlaka ya nchi, ACOREP. Hayo ni ya miaka, si ya miezi.

Ndiyo maana tunaamini kitu ambacho karakana ya Lubumbashi inapaswa kukitengeneza kwanza ni meza ya majaribio. Mji huu umelea vizazi vya mafundi wa tanuru na wa kukereza chuma kwa ajili ya migodi, milimita 0.3 haiwatishi. Meza yenyewe ni ubao wa mita moja, misumari inayoupindisha mpira wa petroli wa pikipiki ule unaoonyesha ndani, karatasi ya milimita chini yake, na simu juu yake inarekodi video. Ndani ya mpira, mchanganyiko wa gliserini sehemu 40 na maji sehemu 60, ambao unato wake uko karibu na wa damu. Mizani ya ndoano ya kupimia mizigo ya safari inafungwa kwenye kichwa cha ala ili kusoma nguvu. Ncha ya waya inaonekana kwenye karatasi: imesogea miraba mingapi? Zaidi ya milimita mbili, jaribio limefeli, hata kama mkato ni mzuri wa kupigwa picha.

Mtego mmoja wa malighafi. Mrija mweupe wa PTFE wa printa za 3D unapatikana kwa urahisi na unaonekana kama ala, lakini una milimita 4 nje na 2 ndani, yaani ukuta wa milimita nzima. Kipasulio kilichobuniwa juu yake kitakuwa na koo mara mbili ya linalotakiwa. Bora mrija wa PTFE wa kuvika nyaya za umeme, wenye ukuta wa 0.3, kwa mazoezi ya mikono. Na ala halisi zilizopita muda wake, kwa majaribio ya mwisho, kwa kuwa mrija huo hauna nyuzi.

Kuhusu waya, macho hayatoshi. Baada ya kila mkato, sehemu iliyopita kwenye ulimi ichovywe kwenye maji ya chumvi, ncha zote mbili zikibaki nje, na ohmita, kipima ukinzani wa umeme, iunganishwe kati ya chuma cha ndani ya waya na maji. Isiposoma kitu, ganda ni zima. Ikisoma namba yoyote, wembe au ulimi umefika, hata kama hakuna anayeona mkwaruzo.

Na mara ngapi? Hapa shauku hudanganya. Mikato 30 bila kosa inasikika kama ushindi. Hesabu ya takwimu, ile kanuni ya tatu, inasema gawa 3 kwa idadi ya majaribio: 3 kwa 30 ni asilimia 10. Yaani baada ya mikato 30 safi, kosa moja kwa kila mikato kumi bado linawezekana. Ili kushuka hadi asilimia 1 unahitaji mikato 300 bila kosa hata moja, kwa mikono tofauti, glavu zikiwa zimelowa.

Ala iliyochanwa isitupwe kabla ya kusomwa. Ilaze kwenye meza, ifungue kama ganda la muhogo. Mkato mnyoofu wenye kingo safi ni mkono uliotulia. Mkato unaozunguka ni kichwa kilichokamatwa kwa ngumi. Ngazi ndogo kwenye ukingo, kila moja ni mahali mvuto ulipokatika, zihesabu. Nyuzi zilizochomoza kama manyoya ni makali yaliyoisha. Na ukikuta mstari mwembamba unaong'aa upande wa ndani, mkabala na mkato, ujue waya ulibanwa hapo na ulimi. Rudi kwenye mchoro, pima tena urefu wa mfereji.